Mchezaji wa Kulipwa, Jina Lenye Deni

Kiswahili humwita mtu anayeishi kwa mchezo "mchezaji wa kulipwa". Kinyarwanda humwita "umukinnyi wabigize umwuga", yaani mchezaji aliyeufanya mchezo kuwa ufundi wake. Hapa Nyakabanda, sekta ya wilaya ya Nyarugenge inayopakana na Nyamirambo, majina hayo mawili hukutana kila jioni ya mechi. Huu ndio ukanda wa Kigali ambao Kiswahili kimeuzoea tangu siku za Biryogo, mtaa wa Waswahili, zamani sana kabla ya bunge la Rwanda kukifanya lugha rasmi mwaka 2017. Mtu huanza sentensi kwa lugha moja akaimalizia kwa nyingine, na hakuna anayegeuka kumtazama.

Lakini majina hayo mawili hayasemi jambo moja. Umwuga ni neno zito. Shule zinazofundisha uashi, useremala na umeme huitwa amashuri y'imyuga, kwa hiyo mchezaji wa Kinyarwanda ni mtu aliyekaa chini ya mwalimu, akashika zana, akafuzu. Kiswahili kimempita mwalimu na zana, kikachungulia mfukoni.

Sarufi nayo imetia mzaha wake. Umbo hilo la "wa kulipwa" ndilo tunalolitumia kwa jambo ambalo bado halijatendeka. Deni la kulipwa ni deni ambalo halijalipwa. Nyumba ya kupangishwa haijapata mpangaji, na nguo za kufuliwa bado zimo kwenye beseni. Kwa kipimo hicho, mchezaji wa kulipwa ni mchezaji anayedai. Wapo wachezaji wengi wa ligi zetu za Afrika Mashariki ambao wakisikia utani huu hawatacheka, kwa sababu mshahara wa miezi minne nyuma bado uko njiani.

Kinyume chake tumekiita "ridhaa". Mchezaji wa ridhaa anacheza kwa kuwa moyo wake umekubali, basi. Ukiyaweka majina hayo bega kwa bega, yanadai kwamba fedha ikiingia, ridhaa hutoka. Ni dai la ajabu, maana anayelipwa naye ameridhia, tena ametia sahihi. Hata hivyo waungwana wa Pittsburgh, Marekani, mwaka 1892 waliamini hivyohivyo, na kwa sababu ya imani hiyo walificha karatasi moja ambayo leo ni maarufu.

Kabla ya karatasi hiyo, niseme kwa nini mtu wa Nyakabanda ajishughulishe na mpira wa Wamarekani. Mwezi wa Septemba 2025 jina la Visit Rwanda, ambalo tulizoea kuliona kwenye mkono wa jezi za Arsenal kuanzia 2018, lilitangazwa kuwa mshirika wa Los Angeles Rams, timu ya ligi kuu ya Marekani, NFL. Tangu hapo watangazaji na waandishi wa huku wana kazi ya kuuita mchezo huo kitu fulani. "Soka la Marekani" halifai, kwa sababu msikilizaji atamfikiria Messi kule Miami. "Mpira wa miguu wa Kimarekani" ni kichekesho: umupira w'amaguru ambao mpira wake unabebwa mkononi karibu muda wote! Wengine husema "raga ya Wamarekani", na hao wamekaribia, kwa kuwa raga ndiyo iliyouzaa. Mimi nimeridhika na "futiboli ya Marekani", ingawa nina wivu kidogo kwa neno letu moja ambalo lingewafaa zaidi wao. Watangazaji wa Kiswahili hupenda kuuita mpira "gozi", na mpira wa NFL mpaka leo ni ngozi ya ng'ombe hasa.

Majina ya nafasi ni mtego mwingine. Kwetu beki ni mlinzi. Basi msomaji akikutana na kwotabeki humweka nyuma karibu na kipa, wakati mtu huyo ndiye kichwa cha mashambulizi, mwenye kupokea mpira wa kwanza na kuamua uende kwa nani. Kinyarwanda kiliwahi kufanya jambo zuri hapa. Kilichukua "zamu" ya Kiswahili, ile ya mlinzi wa usiku, kikaifanya izamu, nayo ikawa goli. Anayelinda goli ni umunyezamu, na mshambuliaji ni rutahizamu. Zamu ileile imegawiwa kwa anayelilinda lango na kwa anayelivamia, na kila mtoto wa Nyakabanda anaielewa bila kamusi. Lugha ikikopa kwa ujasiri wa namna hiyo haihitaji kamati.

Sasa karatasi. Tarehe 12 Novemba 1892, timu ya Allegheny Athletic Association ilicheza na mahasimu wao wa jirani, Pittsburgh Athletic Club. Klabu zote mbili zilikuwa za ridhaa, na zilijivunia hivyo. Siku ya mchezo Allegheny wakatokea na mtu ambaye hakuwa wa kwao, William Heffelfinger, aliyejulikana kwa jina la utani la Pudge. Alikuwa nyota wa Chuo Kikuu cha Yale, jitu la mstari wa mbele ambalo nchi nzima ililijua. Pittsburgh wakapiga kelele, ubishi ukachelewesha mchezo, dau za kamari zikafutwa. Mwishowe mpira ukachezwa. Heffelfinger nafasi yake iliitwa "mlinzi", lakini yeye ndiye aliyempokonya mpinzani mpira, akakimbia nao hadi mwisho wa uwanja na kufunga. Bao la namna hiyo wakati ule lilikuwa na pointi 4, na mchezo ukaisha 4 kwa 0.

Katika hesabu za Allegheny za siku hiyo, miongoni mwa matumizi, mna dola 500 kwa Heffelfinger kwa kucheza, na dola 25 za nauli. Klabu ilikana hadharani, na karatasi ikalala. Kwa miongo kadhaa heshima ya mchezaji wa kwanza wa kulipwa ilikwenda kwa mwingine, kijana John Brallier, aliyepewa dola 10 na gharama zake mwaka 1895 aichezee Latrobe, mji mdogo wa Pennsylvania, na ambaye baadaye akawa daktari wa meno. Hesabu za Allegheny zilipokuja kujulikana, Brallier akavuliwa heshima hiyo. Leo karatasi hiyo iko katika jumba la kumbukumbu la futiboli mjini Canton, Ohio, na Wamarekani huiita cheti cha kuzaliwa cha mchezo wao wa kulipwa.

Kinachonivutia ni lugha ya mhasibu. Hakuandika mshahara, wala ujira. Aliandika maneno yenye maana ya bakshishi ya kucheza vizuri. Mswahili ana neno lake hapo, tena la zamani kuliko klabu zote hizo: tuzo. Methali inasema mcheza kwao hutuzwa. Katika ngoma na katika taarabu, anayecheza au kuimba vizuri hutuzwa, noti zikabandikwa kwenye paji la uso au kuangushwa miguuni, na hakuna aliyewahi kusema kwamba kutuzwa kumemwondolea ridhaa. Tukumbuke pia kwamba "kucheza" kwetu ni ngoma na ni mpira. Mhasibu wa Allegheny angezaliwa Lamu, asingehitaji kuficha kitu.

Waliokuwa wakificha walikuwa na mbinu zao. Klabu nyingi za miaka ile zilimpa mchezaji saa kama zawadi. Mchezaji akaipeleka kwa mweka rehani, akapewa dola 20 na risiti. Akaiuza risiti ile kwa dola nyingine 20 kwa bwana mmoja ambaye, kwa bahati njema, alikuwa mtu wa klabu. Bwana akaikomboa saa, na wiki ya pili saa ileile ikatolewa tena zawadi kwa mchezaji yuleyule. Kila mtu alibaki wa ridhaa, isipokuwa saa, ambayo nadhani ndiyo iliyokuwa mfanyakazi halisi wa timu.

Na bado Heffelfinger hatufai kama "mchezaji wa kulipwa". Alikuwa na kazi katika reli. Allegheny ilimlipa kwa alasiri moja. Kiswahili kina jina la mtu anayelipwa kwa siku, nalo ni kibarua, na jina hilo lenyewe ni karatasi: kibarua ni barua ndogo, kile kijikaratasi alichokipata mtu wa kazi za kutwa huko pwani ili kimsaidie kupata ujira wake. Neno likatoka kwenye karatasi likamkalia mtu, kisha likaikalia kazi yenyewe, na leo waandishi wa michezo wa Tanzania wakitaka kusema kocha amefukuzwa husema kibarua chake kimeota nyasi. Hapa Kigali kazi ya namna hiyo, ya leo ipo kesho haipo, huitwa ikiraka, ambalo sikio la Mswahili linalisikia kuwa kiraka chetu cha nguo. Heffelfinger, kwa lugha ya Nyakabanda, alipata ikiraka. Dola 500 hazibadilishi hilo, ingawa zilikuwa fedha nyingi mno.

Mtu wa kwanza ninayeweza kumpa jina zito zaidi ni Charles Follis. Alizaliwa Virginia mwaka 1879, akakulia Wooster, Ohio, na tarehe 15 Septemba 1904 akatia sahihi mkataba na timu ya Shelby, mji mdogo wa Ohio hiyohiyo. Kwa sahihi hiyo akawa Mwafrika-Mmarekani wa kwanza anayejulikana kulipwa kwa futiboli. Shelby walimtafutia pia kazi katika duka la vifaa vya ujenzi na zana, ambalo saa zake zilimwachia nafasi ya mazoezi. Wapinzani walimkanyaga na kumpiga baada ya filimbi kwa sababu ya rangi yake, na watazamaji wakamtukana. Kabla ya mkataba huo alikuwa amecheza Shelby pamoja na mwanafunzi mmoja mzungu, Branch Rickey. Ndiye Rickey huyo ambaye miaka mingi baadaye alimsajili Jackie Robinson na kuvunja ubaguzi wa besiboli. Follis aliumia mwaka 1906 na futiboli yake ikaishia hapo. Akahamia besiboli, na mwaka 1910 nimonia ikamuua akiwa na miaka 31.

Misimu mitatu ya kulipwa, basi. Ushahidi wake haukuwa katika kumbukumbu za ligi, kwa sababu ligi haikuwepo. NFL ilianzishwa 1920. Ulikuwa katika gazeti la mji, lililoandika kwamba ametia sahihi. Heffelfinger aliwekewa dola katika daftari la siri, Follis akatangazwa hadharani kuwa ana mkataba. Tofauti hiyo "wa kulipwa" haiioni hata kidogo, kwa kuwa wote wawili walilipwa. Umwuga unaiona. Follis alikuwa mwajiriwa, mwenye kazi yake ya mpira, na mji mzima ulijua kwamba ni kazi yake.

Kwetu Afrika Mashariki aliyetoka kwenye raga akafika NFL ni Daniel Adongo, Mkenya wa Nairobi. Alikuwa mchezaji wa raga aliyepita Afrika Kusini na New Zealand, kijana mwenye urefu unaokaribia mita 2, na mwezi wa Julai 2013 Indianapolis Colts wakamsajili bila yeye kuwahi kucheza mechi hata moja ya futiboli ya Marekani maishani mwake. Walikuwa wameona mikanda ya raga, wakaona mbio na kifua. Sheria wangemfundisha. Fikiri kidogo: mtu mzima wa miaka 23 anapewa daftari nene la mipango ya mchezo na kuambiwa alikariri, huku wenzake wamelisoma tangu utotoni.

Mwanzoni aliwekwa katika kikosi cha mazoezi. Hapo istilahi yetu inapigwa mweleka kweli, kwa sababu mtu wa kikosi cha mazoezi NFL hulipwa kila wiki lakini hachezi. Ni wa kulipwa, mchezaji sijui. Mwezi wa Desemba mwaka huohuo akapandishwa, akacheza, na Kenya ikapata Mkenya wake wa kwanza katika mechi ya NFL. Kazi yake ilikuwa katika makundi yanayoingia uwanjani wakati wa mpira kupigwa kwa mguu, ambayo Wamarekani wameyapa jina ambalo likitafsiriwa kwa Kiswahili huwa "vikosi maalumu", na msomaji atasubiri makomando. Ni kazi ya kukimbia mita 50 kwa kasi yote na kugongana na mtu anayekimbia kuja kwako. Msimu uliofuata majeraha yalimweka nje, na kufikia mwisho wa 2015 safari yake Indianapolis ilikuwa imekwisha. Mechi zake zote ni za kuhesabika kwa vidole.

Magazeti ya Kiswahili yalimwita Adongo mchezaji wa kulipwa wa NFL na yalikuwa sahihi. Ila jina linalomkaa zaidi ni mwanagenzi. Aliingia katika karakana kubwa kuliko zote kama mwanafunzi, akalipwa akiwa anajifunza, na muda ukaisha kabla ya kufuzu. Raga ndiyo iliyokuwa umwuga wake, na huko alikuwa fundi. Sioni aibu yoyote katika kusema hivyo. Fundi cherehani hodari ukimpeleka kwa fundi viatu, wiki za kwanza atachomwa na sindano.

Kigali nayo ina kisa chake, na hiki kilitokea mjini hapahapa. Mei 2021, ligi mpya ya mpira wa kikapu ya Afrika, BAL, ilizinduliwa katika ukumbi wa Kigali Arena, ambao sasa ni BK Arena. Timu ya Rwanda ilikuwa Patriots, na katika orodha yake kulikuwa na J. Cole, mwanamuziki wa rapu wa Marekani, ambaye siku mbili kabla alikuwa ametoa albamu iliyokuja kuongoza chati za Marekani. Alicheza mechi 3. Jumla yake ilikuwa pointi 5, ribaundi 5 na pasi za mabao 3, kisha akarudi kwao kwa sababu za kifamilia kabla ya mashindano kwisha. Patriots waliendelea bila yeye wakamaliza wa 4.

Wengi hapa Kigali walifurahi, na haki yao. Ligi changa ilitajwa dunia nzima. Lakini Terrell Stoglin, Mmarekani aliyekuwa akiichezea AS Salé ya Morocco, alilalamika waziwazi kwamba nafasi ile ilikuwa ya mtu ambaye mpira wa kikapu ndio unaomlisha. Nampa haki Stoglin. Alichokitetea kinaitwa umwuga. Kwa Kiswahili malalamiko yake yanapata shida, kwa sababu mkataba ukiwepo na malipo yakiwepo, Cole naye ni "wa kulipwa" sawasawa na mtu anayelea watoto kwa ribaundi. Lugha yetu inawapa jezi moja. Mimi ningemwita Cole mchezaji mwalikwa, jina la heshima, maana mgeni mwalikwa hatukanwi, wala hahesabiwi katika watu wa nyumba.

Kuna kilema kimoja zaidi katika istilahi hii, na hiki tumekitia wenyewe. Magazeti ya Tanzania yanaposema fulani "anacheza soka la kulipwa", mara nyingi yana maana kwamba anacheza ng'ambo. Mbwana Samatta alipohamia Genk ya Ubelgiji mwanzoni mwa 2016, sifa hiyo ilimfuata kila mahali, kana kwamba katika miaka yake ya TP Mazembe pale Lubumbashi, iliyompa tuzo ya mchezaji bora wa Afrika kwa wachezaji wa ndani ya bara, alikuwa akicheza kwa ridhaa. Mazembe walimlipa. "Kulipwa" hapo kumegeuka kuwa jina la visa. Wakati huohuo mchezaji wa kigeni anayekuja Simba au Yanga huitwa "pro", hata akitoka ligi ndogo kuliko yetu. Yaani akienda wa kwetu analipwa, akija wa kwao ni fundi. Hilo nalikataa.

Sipendekezi tulitupe jina la zamani. Limezoeleka, linaeleweka kutoka Mombasa hadi Bukavu, na utani wake wa deni una kazi ya kufanya mradi mishahara inachelewa. Ninachoomba ni kwamba lisibebeshwe watu wote. Kiswahili kina kibarua, mwajiriwa, mwanagenzi, mwalikwa na fundi, na kila moja lina mtu wake katika historia hii niliyoieleza. Kwa wahariri wa michezo wa Kigali mnaoandika Kiswahili, na sasa mna Rams wa kuwaeleza wasomaji: mkiandika "mchezaji wa kulipwa", tuambieni analipwa na nani, kwa mkataba wa muda gani, na kama mshahara wa mwezi uliopita umeingia.